Maswali ya Wasomaji: Mshairi Anapoketi Kuhojiwa

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu, Faza na Malindi, na karibu zote zinauliza jambo lenye mzizi mmoja, nalo ni namna ya kuzungumza hadharani na mshairi anayeandika, anayeghani mbele ya watu, na anayetetea jambo fulani katika jamii yake. Nimeziacha kama zilivyoandikwa, isipokuwa nimeondoa majina na salamu ndefu.

SWALI: Maalim, assalamu alaykum. Mimi ni msichana wa Langoni, hapa Lamu, na ni katibu wa kikundi cha vijana wapenzi wa fasihi. Kila mwezi tunamwalika mshairi mmoja ambaye, pamoja na kuandika na kughani, anashughulikia mambo ya watu kama ardhi, uvuvi au elimu ya wasichana. Mgeni wetu wa mwisho alizungumza kwa dakika arubaini kuhusu umuhimu wa vijana kujituma, akashangiliwa, akaondoka, na hatukusikia kwake hata ubeti mmoja. Tulikutana kando ya bahari, saa tisa alasiri. Mgeni wetu ajaye ametunga kuhusu bandari ya hapa Lamu. Maswali kumi na mawili niliyatayarisha mimi mwenyewe, nami nimeyaambatisha. Je, kosa lilikuwa langu? Mshairi wa namna hii huulizwa nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Kosa lilikuwa lako kwa sehemu, na nathubutu kusema hivyo kwa kuwa maswali yenyewe nimeyasoma. Tisa kati ya yale kumi na mawili yanaanza kwa maneno "Una maoni gani kuhusu". Mtu anayeulizwa maoni hutoa maoni, na maoni ya mshairi kuhusu bandari au elimu kwa kawaida hayapishani sana na ya diwani, ya mwalimu mkuu, au ya nahodha wa mashua iliyomleta. Kitu alicho nacho yeye peke yake ni shairi, na shairi hilo lina habari zake: nani alikuja mlangoni kulitaka, lilitungwa wapi, lilighaniwa kwanza mbele ya nani, nani alicheka, nani aliinuka barazani kwa hasira, na kesho yake kulitokea nini.

Nakushauri basi umwombe aghani shairi moja, zima, kabla ya swali lolote. Lisiwe dondoo la beti mbili kwa ajili ya kufungulia mkutano, kama vile ubani unavyochomwa kabla ya shughuli yenyewe. Watu wakishalisikia lote, maswali yako yazunguke hilo hilo, na usione haya kuuliza madogo. Ni ubeti gani aliutoa, na kwa nini? Je, kibwagizo kilikuwepo tangu mwanzo au alikiongeza baada ya kuona watu wanataka kukipokea? Je, kuna neno alilolibadilisha siku ile alipomwona mzee fulani ameketi safu ya mbele? Katika maswali kama hayo ndipo uandishi, ughani na utetezi hukutana, kwa sababu neno lililobadilishwa kwa kumwogopa au kumheshimu mtu ni jambo la ufundi na ni jambo la siasa kwa wakati mmoja.

Ulimwuliza mgeni wako pia anajigawaje kati ya ushairi na uanaharakati. Pwani yetu haina desturi ya kuzitenga kazi hizo, na neno "mwanaharakati" ni geni kuliko shughuli yenyewe. Mtazame Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ambaye wengi humwita Ustadh Mau, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1952. Ni imamu, amewahi kufanya kazi ya kuoka mikate, na mashairi yake yamewaonya wasichana, yamewatetea watoto na yameulilia mji wenyewe. Shairi lake la wasia kwa mabanati, yaani wasichana, la miaka ya 1970, lilienea kwa kanda za kaseti kabla halijapata kuwa ukurasa wa kitabu, na diwani kubwa ya mashairi yake pamoja na tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 2023 tu. Mtu wa namna hii ukimwuliza anajigawaje, unamwuliza swali ambalo siku zake hazilitambui, kwani khutba, mkate na ubeti vilitoka katika mikono ile ile. Lakini ukimwuliza kanda ilivyosafiri, ni nani aliyeinakili, iliuzwa au iliazimwa, na akina mama waliisikilizia chumba gani, saa nzima itapita bila wewe kutazama karatasi yako.

Uliza pia kuhusu vifaa. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake uliouliza "Kenya: Twendapi?", na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga gerezani na kuyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji. (Nimewahi kukisimulia kisa hiki darasani, na mwanafunzi mmoja akadhani nimekibuni ili kuwachekesha.) Mhojaji mvivu akikaa na mshairi wa aina hiyo humwuliza kuhusu ujasiri, na jibu la swali la ujasiri halina budi kuwa la unyenyekevu, na la unyenyekevu huwa fupi. Mimi ningeuliza kuhusu ile karatasi, ilifichwa wapi, ilibeba beti ngapi, na je, vina na mizani vilimsaidia kukumbuka yale ambayo hayakuwahi kuandikwa.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilikwenda kisiwani Pate na kinasa sauti cha kuazima kumrekodi mshairi mmoja mzee. Nilijaza kanda mbili kwa maswali kuhusu mustakabali wa Kiswahili, naye akanijibu kwa adabu kubwa. Nilipokwisha kuzima chombo, akiwa mlangoni anavaa makubadhi yake, alinitajia kwa kupitia tu kwamba shairi lake moja ndilo lililowapatanisha watu waliokuwa wamenyimana maji ya kisima. Nilisema nitarudi. Alifariki kabla sijarudi. Kanda ninazo hadi leo, na mustakabali wa Kiswahili umejaa pande zote mbili.

Jambo jingine ni maandalizi, na hapa natilia mkazo kwa kuwa umesema mgeni wako ajaye ametunga kuhusu bandari. Soma kwanza. Ujue kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari. Kwamba gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Na kwamba leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, ilifutwa Juni 2019 na baraza la kisheria la mazingira, kwa sababu mojawapo kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ukiyajua hayo utaweza kuuliza shairi linasema nini ambacho hukumu haikusema. Hukumu huhesabu fedha na idadi ya wavuvi, lakini huenda mshairi ameyataja kwa majina maeneo ya kuvulia ambayo mjukuu wake hatayaona, na hilo halipatikani katika karatasi yoyote ya mahakama. Na ikiwa shairi limekosea jambo la hakika, mwulize kwa upole, mbele ya watu, kwa nini ameliweka hivyo. Heshima kwa mshairi haimfanyi kuwa juu ya tarehe.

Kuhusu mahali, umeniandikia kwamba mlikuwa kando ya bahari saa tisa alasiri, wakati mashua za abiria zinapofika. Msifanye tena hivyo. Kikao cha ndani, baada ya sala ya Isha, na kipaza sauti kimoja kinachopokezanwa kwa mkono, kinatosha. Punda hamtaweza kumnyamazisha popote mtakapokaa.

SWALI: Maalim, hapa Faza kila uchaguzi unapokaribia tunasikia mashairi yanayowasifu wagombea, tena yanaimbwa vizuri sana, na watungaji hao hao baadaye hualikwa kwenye mazungumzo kama watetezi wa wananchi. Je, mshairi aliyepokea fedha za mgombea anastahili kuhojiwa kama mtetezi wa jamii, au tumwite mpiga debe na tumalize?

JIBU: Ndugu yangu, mkimkataa kila mshairi aliyesimama upande mmoja, mtalazimika kukataa karibu urithi wetu wote. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye wataalamu husema aliutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, alikuwa waziwazi mtu wa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa. Wakati wa Vita vya Kuduhu, ambavyo wengine huviita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, washairi wa Mombasa na wa Lamu walirushiana mashairi ya vitisho na kejeli, na upande wa Lamu sauti iliyojulikana zaidi ilikuwa ya Bwana Zahidi Mngumi, ambaye alikuwa kiongozi wa mji na mshairi papo hapo. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama yeye ni mwanasiasa au malenga. Na karibu na sisi zaidi, katikati ya miaka ya 1970, uchaguzi wa ubunge wa Lamu Mashariki ulizaa malumbano ya mashairi yaliyojulikana kama Kimwondo, yaliyosikilizwa kwa kaseti visiwani, na baadaye yakawa mada ya utafiti wa chuo kikuu. Watu wa Faza mnayajua hayo kuliko mimi.

Tofauti ninayoiona iko katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba malumbano yale yalikuwa na majibu: aliyeshambuliwa alijibu kwa bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi, na vina vile vile, na msikilizaji alizisikia kanda zote mbili akapima mwenyewe. Shairi la kampeni linalopigwa kwenye gari lenye vipaza sauti, likapita na kutoweka, halimpi mtu nafasi ya kulijibu. La pili ni uwazi. Msikilizaji wa Kuduhu alijua Muyaka anasema kwa niaba ya nani.

Kwa hiyo mwalikeni, na swali la kwanza liwe nani alilipa na kiasi gani, swali la pili liwe kama angeweza kutunga shairi la kumpinga mgombea huyo huyo iwapo ahadi hazikutimizwa. Nawashauri pia mwalike mshairi wa upande wa pili siku hiyo hiyo, akae kiti cha jirani. Kama wote wawili ni mafundi, basi mwenye kuuliza maswali ataweza kunyamaza mapema na kuwaachia uwanja, jambo ambalo waandaaji wengi huliogopa bila sababu.

SWALI: Mimi ni mhariri wa jarida dogo la shule hapa Malindi. Tulimhoji mshairi wa Lamu, na msaidizi wangu amenyosha maneno yake yote yakawa Kiswahili sanifu: "mato" yamekuwa macho, "kitwa" kimekuwa kichwa, "mai" yamekuwa maji, "yeo" imekuwa leo. Mshairi amekasirika. Je, ana haki? Wanafunzi wetu hufanya mtihani wa Kiswahili sanifu.

JIBU: Ana haki, na zaidi ya anavyojua msaidizi wako. Tuseme ubeti una vina vya mwisho vya "to", ambapo mato yanakutana na moto, wito na mto. Ukiandika macho, kina kimevunjika, na mwanafunzi wako anayejifunza kuhesabu vina atadhani mshairi ameshindwa kazi. Vivyo hivyo mai yanayoshikana na kai au tai hayawezi kuwa maji. Kibaya zaidi, mizani haibadiliki, kwa kuwa silabi ni mbili kwa mbili, kwa hiyo anayehesabu silabi tu hatagundua kwamba kuna kitu kimeharibiwa. "Yeo" na "leo" kwa upande wa kina hazina ugomvi, nakubali, lakini hapo tena unamnyang'anya mtu sauti ya kwao bila kupata faida yoyote.

Kwa mshairi anayetetea watu wake jambo hili lina uzito wa ziada. Nakupa mfano wa mbali kwa makusudi. Linton Kwesi Johnson alizaliwa Jamaika mwaka 1952, akahamia London mwaka 1963 akiwa mtoto, na akatunga mashairi kuhusu manyanyaso ya polisi dhidi ya vijana weusi, na kuhusu moto wa New Cross wa Januari 1981 ulioua vijana 13. Mashairi yake mengi aliyaandika kwa Kiingereza cha Wajamaika kama kinavyotamkwa, akaibuni tahajia yake mwenyewe, kisha akayasema jukwaani juu ya muziki wa rege au bila ala yoyote. Mwaka 2002 kampuni ya Penguin iliyachapisha katika mfululizo wake wa fasihi bora ya kisasa, na hata jina la kitabu liliachwa katika tahajia ile ile. Kama mchapishaji mkubwa wa London aliweza kuvumilia, jarida la shule la Malindi litaweza.

Nakupendekezea njia ya kati. Mashairi yachapishwe neno kwa neno kwa Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, na chini yake uweke maana ya maneno machache ambayo mwanafunzi wa Malindi hatayafahamu. Usizidishe, kwani wengi wenu nyumbani mna bibi anayesema hivyo hivyo. Maelezo ya kawaida aliyoyatoa mshairi kati ya shairi na shairi unaweza kuyasanifisha kidogo, kwa ruhusa yake, baada ya kumwonyesha. Na kabla ya yote, mtume msaidizi wako akaombe radhi yeye mwenyewe, ana kwa ana, si kwa simu.

SWALI: Maalim, mimi ni mwalimu wa kike mtaa wa Mkomani, hapa Lamu. Ninamfahamu mama mmoja ambaye mashairi yake kuhusu ndoa za mapema yamefika mbali kwa ujumbe wa sauti wa simu, lakini hapandi jukwaani na hataki picha. Waandaaji wa tamasha wameniambia kwamba mshairi asiyesimama mbele ya watu hawezi kuhesabiwa miongoni mwa washairi wa jukwaani, kwa hiyo hawatamhoji. Je, ni kweli?

JIBU: Bi Mwalimu, waandaaji hao wamelichanganya jukwaa na mbao zake. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, na pasina mkutano wowote utendi huo ukapita kinywa kwa kinywa, kwa wanawake kwanza, hadi leo hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyeusikia. Na Siti binti Saad wa Unguja, ambaye aliimba kuhusu hukumu iliyomwacha muuaji akatoroka na mashahidi wakafungwa, alifika majumbani mwa watu ambao hawakuwahi kumwona, kwa sababu ya sahani za santuri alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928. Yeye alisimama mbele ya watu, ni kweli, lakini ile sauti iliyogeuza mambo ilitoka katika sanduku.

Mama huyo anaghani. Kila ujumbe wa sauti ni ughani, wenye pumzi, wenye mahali pa kupandisha na kushusha, na huenda una sauti ya sufuria na ya mtoto nyuma yake, ambayo ni sehemu ya maana. Mhoji wewe, nyumbani kwake, mkiwa wanawake peke yenu ikiwa ndivyo anavyopenda, na umwulize kuhusu kitu ambacho mshairi wa jukwaani hawezi kukijibu: anajuaje kwamba shairi limefika? Nani humrudishia jibu, na kwa sauti au kwa maandishi? Je, ameshawahi kukisikia kibwagizo chake kikiimbwa harusini na mtu asiyejua kwamba ni chake?

Tahadhari moja tu, nayo ni nzito. Mashairi kuhusu ndoa za mapema hutokana na visa vya watoto wanaojulikana mtaani. Kabla ya kurekodi, kubalianeni ni kisa gani hakitatajwa hata kwa fumbo, kwa kuwa fumbo lililo wazi kwa mtu wa mbali ni jina kamili kwa jirani. Makubaliano hayo yarekodiwe pia, mwanzoni, kwa sauti yake, pamoja na ruhusa yake ya kusambaza au kutosambaza. Na akisema baadaye kwamba amebadili nia, futeni.

SWALI: Je, mshairi anayealikwa kwa mazungumzo alipwe? Wengine husema kwamba mtetezi wa watu hapaswi kudai fedha. Mimi ni mweka hazina wa kikundi, Shela.

JIBU: Alipwe. Fundi wa jahazi hulipwa, mpiga tarumbeta wa harusi hulipwa, na aliyekodisha viti vya plastiki kwa mkutano wenu alilipwa kabla mgeni hajafika. Kama kikundi hakina kitu, mwelezeni hivyo wakati wa kumwalika, wala si wakati anapoaga, ili achague mwenyewe kuja au kutokuja. Nauli ya mashua ya kwenda na kurudi haihesabiwi kuwa malipo, na chai pia haihesabiwi.